Alarme ya gari inalia usiku muzima, mwenyewe amelala Gisenyi na ufunguo mu mufuko!! Bajirani tumechoka

Bandugu, naandika na hasira na sitaificha. Huku kwetu Ndosho, mu Goma, kuko mujirani mumoja (jina sisemi, akisoma atajijua) mwenye eko na gari, hizi za Japani za volani kuume. Alienda mujini bakamufungia alarme na tangu hapo avenyi yote hailale tena. Motari akipita, inalia. Tshukudu (ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo) ya makala ikigonga jiwe, inalia. Mvua ikianza kupiga mabati, inalia. Munajua barabara zetu za ndani, ni mawe ya volkano tupu, hakuna kitu yenye magurudumu inapita pale bila kutikisa udongo, sasa wewe unafunga kitu ya kusikia mutikisiko na unaipandisha mupaka mwisho, ulitazamia nini??

Na nyumba zetu ni za mbao. Kati ya kitanda yangu na ile sirene kuko ubao mumoja, basi. Hizo sirene zinapitisha desibeli 100, zinatengenezwa zisikilike mbali mu miji ya makelele, si za kulia chini ya dirisha ya mutoto muchanga.

Siku yenye ilinimaliza ilianza saa saba ya usiku. Inalia, inanyamaza kidogo, unaanza kufunga macho, inashika tena. Mama wa boutiki anaita telefone ya mwenye gari, haipite. Tunaenda kugonga mulango ya parseli, zamu (mulinzi wa parseli) anatoka na koti yake anasema patron amevuka, eko Gisenyi upande wa Rwanda, na ufunguo alienda nao. Mupaka usiku imefungwa! Sasa avenyi muzima ingojee barriere ifunguliwe asubuhi njo tupate usingizi? Ndiyo, njo vile ilikuwa. Vijana balishakamata mawe bavunje vioo, bamama njo balibazuia, na bado sijui kama siku ingine bataweza kubazuia. Mama muzee wa pembeni yetu eko na tansio, alikaa kwa kitanda ameshika kichwa mupaka kukapambazuka, na bukwe wake pembeni anamupepea na kanga. Hiyo si mambo ya kucheka.

Lakini kitu yenye inaniuma kupita usingizi ni hii. Hapa kwetu tunajua namna ya kuitana usiku. Bezi bakiingia mu parseli, mutu anapiga sufuria, mwingine anajibu na filimbi, na batu banatoka na matochi. Hiyo njo ulinzi yetu, hatuna ingine. Sasa ile gari imefundisha masikio yetu kusikia makelele na kugeuka tu upande ingine. Majuzi sufuria zilipigwa mu avenyi ya nyuma na batu ba kwetu balikawia kutoka, juu kila mutu alizani ni ile ile alarme. Ile familia balibeba telefone zao zote na pesa ya masomo ya watoto. Nani atalipa ile? Alarme ya gari ya mutu mumoja imeharibu filimbi ya batu bote.

Na tuko chini ya Nyiragongo, tusisahau! 2021 kisha volkano kutoka tarehe 22 mwezi wa tano, udongo ulitetemeka siku mingi, na kila ukitetemeka magari yanaanza kulia huku na kule, watoto banazani ni ishara ya kukimbia. Mutoto wangu mukubwa mupaka leo akisikia ile sirene usiku anatafuta viatu vyake gizani. Niko namwambia lala, ni gari tu. Na siku yenye haitakuwa gari tu?

Asubuhi mwenyewe akafika, amelala vizuri. Anatoa telekomande, anakandamiza, hakuna kitu, kabatri ka ndani ka volti 3 kalikuwa kamekufa na hakuwa hata anajua. Akafungua mulango na ufunguo, akatia mu kontakti, akazungusha mupaka taa za tablo zikawaka, kimya. Sekunde ngapi? Ilikuwa tu hivyo!! Tukamulazimisha aite mekanisie palepale mbele yetu. Ule kijana anajua kazi yake, amepanua kapo (kifuniko ya moteri) na kutuonyesha kabutoni kadogo pembeni, kapo ikifungwa kanashuka, ikifunguliwa kanapanda na alarme inajua mutu anaingilia moteri. Kalikuwa kamekula kutu na kujaa ile vumbi nyeusi yetu. Akaweka alarme tena, akakandamiza kale kabutoni na kidole: kimya. Akalegeza kidole kidogo tu: inalia. Akarudilia mbele ya batu bote. Kisha akapima batri ya gari, volti 11 na kitu, wakati batri yenye kujaa gari imezimwa inapashwa kuwa karibu 12.6, na akasema alarme zingine zikiona volti zinashuka zinazani mutu eko nakata nyaya. Dawa yake yote ni brashi, tone ya mafuta, kuchaji batri, na kapteri, ile kitu ya kusikia mutikisiko, iko na kaskrubu, unaipunguza kidogo.

Mwenye gari akakubali brashi. Skrubu akakataa! Anasema akipunguza bezi batakuja. Papa, hata sasa bakija hakuna mutu atatoka kuangalia gari yako, unaelewa hiyo?

Kwa bengine benye gari, ule mekanisie alituambia na hii: kama ufunguo mu kontakti haitoshe, hizi alarme za kufungiwa huku mingi ziko na kabutoni kenye kufichwa chini ya volani ama chini ya tablo, uliza fundi mwenye aliifunga akuonyeshe SIKU ILE ILE, si usiku wa makelele. Ama fizibli (fyuzi) yake, ujue iko wapi. Kukata batri usikimbilie, sirene zingine ziko na batri yao ndani, ukikata ile kubwa njo zinalia na nguvu zote, zinazimwaka na kafunguo kao kadogo kenye batu banatupaka mu droo na kusahau.

Ulaya kanuni ya hizi alarme inasema sirene ikilia isipite sekunde 30. New York dakika 3 inapashwa inyamaze yenyewe. Kwetu nilienda kwa shefu wa avenyi, akanijibu hiyo ni gari, si muziki wa nganda (baa), yeye hawezi kuitisha mutu juu ya gari. Sasa sikio ya mutoto inajua tofauti ya gari na muziki?

Hatuombe auze gari. Apunguze kapteri, atie kabatri kapya mu telekomande, na siku anavuka Gisenyi ufunguo ubakie kwa zamu. Jumapili kisha misa tunaenda kwa shefu wa kartie, parseli zote pamoja, na barua yenye kila mutu amesaini. Kama kuko mutu wa Katindo ama Kyeshero ama popote mwenye alishapita mu hii shida na shefu wao akaikamata kweli, atuandikie hapa baliandika nini mu barua yao, juu ya kwetu tunataka iwe tayari mbele ya Jumamosi.