Kikundi cha maigizo ya Majimaji kinachangamka Februari tu, kisha kinalala. Tufanyeje?

Kigoda_cha_Ruhuwiko
Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinaigiza matukio ya Vita vya Majimaji upande wa Songea. Kwenye orodha tuko 34, ila mazoezini wanafika 11, wakizidi sana 14. Kumbukumbu ya mashujaa ikikaribia (27 Februari) wote wanarudi, na ikipita wanapotea hadi Januari ijayo. Tatizo la pili: kila mtu anataka kuwa shujaa wa Kingoni, hakuna anayekubali kuwa askari wa Mjerumani. Tatu, vifaa vinaharibika stoo. Naomba mbinu zinazofanya kazi, tuache kuhimizana kwa maneno matupu.

Mtunza_Kaniki
Ndugu, anzia kwenye kalenda. Ruvuma mvua ni moja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Februari mahindi yako shambani, watu wako kwenye palizi, na uwanja ni tope. Kuweka mazoezi makubwa wakati huo ni kushindana na chakula cha nyumbani kwa mtu. Jembe litashinda kila mwaka, na ni haki yake. Kazi nzito iwe Juni hadi Oktoba baada ya mavuno: kutengeneza vifaa, kufundisha wapya, kwenda shuleni. Kuanzia Desemba hadi Februari rudieni tu kile kinachojulikana, mara moja kwa wiki mbili, saa moja na nusu, basi.

Halafu acheni kutegemea onyesho moja kubwa. Tungeni maonyesho kwa idadi ya watakaofika: moja la watu 6, jingine la 12, jingine la 25. Vita ya Mahenge ya 30 Agosti 1905 hamuiwezi mkiwa 11. Ila kung'oa pamba Nandete, kule Umatumbi vita vilikoanzia, Julai 1905, kunahitaji watu 5 au 6 tu, na baraza la Nkomanile, chifu mwanamke wa Kingoni, likijadili kama dawa ya maji ipokelewe linatosha watu 10. Watu hukata tamaa wanapofika 11, wakasubiri wengine saa nzima, kisha kiongozi akaahirisha. Wakiahirishiwa mara mbili hawaji tena. Waliofika waanze, hata wakiwa sita.

Nkomanile msimwache pembeni. Ndiye mwanamke pekee anayetajwa miongoni mwa walionyongwa Songea. Kina mama wakipewa kazi ya kupiga vigelegele tu, wataondoka. Wapeni pia onyesho la njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Njaa na maradhi ndivyo vilivyoua wengi kuliko risasi. Onyesho la familia inayochimba ming'oko (viazi vya mwituni) porini halihitaji mkuki hata mmoja, na mzee wa miaka 70 analimudu akiwa ameketi.

Bawabu71
Naongezea hapo kwenye askari. Wanaikataa nafasi hiyo kwa sababu kwenye maigizo mengi askari hana kazi ila kusimama na kupiga kelele za risasi. Mpe ufundi aujue, utaona watu wanaigombania.

Askari wengi wa wakati ule walibeba bunduki ya Kijerumani, Mauser ya mfano wa 71: risasi ya milimita 11, baruti nyeusi, na inaingia moja tu kwa wakati. Maana yake kuna mpangilio wa kujifunza: vuta komeo, toa ganda, tia risasi, funga, lenga, piga. Kwa bunduki ya mbao weka sekunde 6 hadi 8 kati ya mpigo na mpigo. Mistari miwili, wa mbele wamepiga goti, wa nyuma wamesimama, mstari mmoja ukipiga mwingine unajaza. Baada ya mipigo michache moshi wa baruti nyeusi unafunika mbele yote, kwa hiyo kamanda anasimamisha, wanangoja, ndipo wanaendelea. Ule ukimya wa kungoja moshi upungue ndio unaowashika watazamaji.

Moshi wenyewe: kifuko cha kitambaa chepesi chenye majivu yaliyochekechwa, kinapigwa na kiganja. Msitumie unga wa ngano au sembe. Unga ukitimka karibu na moto unalipuka. Baruti halisi na magobore ya kweli ni mambo ya kibali, achaneni nayo.

Bunduki zichongeni kwa ubao wa inchi moja, urefu kama mita 1.25. Sare shoneni tano za saizi mchanganyiko, tarabushi iwe na kifuniko cha kaki na kitambaa cha kukinga shingo. Zikae stoo, zisivaliwe mtaani. Kabla ya onyesho mpelekeeni afisa utamaduni na polisi barua yenye tarehe, uwanja na orodha ya vifaa, kwa sababu mtu mwenye kaki na umbo la bunduki akionekana kwa mbali anazua taharuki.

Na kila mwanachama awe askari angalau onyesho moja kati ya matatu, kiongozi akiwa wa kwanza. Waelezeni kwamba askari wale wengi walikuwa Waafrika: Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Hiyo ndiyo historia yetu nzima, yenye pande zote mbili. Kikundi kinachoogopa upande mmoja kinaishia kwenye nyimbo za sifa.

Dada_wa_Peramiho
Bawabu71 kasema vizuri, ila kuna jambo dogo linalofukuza watu kimyakimya: maiti. Mtu anapigwa risasi dakika ya tatu, analala juani dakika ishirini. Mwaka ujao haji. Aliyekufa asilale zaidi ya dakika 5. Wenzake wambebe nje huku wakiomboleza, kisha arudi akiwa mtu mwingine.

Kanuni za mkuki zisijadiliwe: ncha ya mpira wa tairi, haurushwi kuelekea mtu, na ncha isipite usawa wa kifua. Jeraha moja tu, wazazi wanawatoa vijana wote.

Kaniki mnunue ya pamba. Chomoa uzi, uchome: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, nailoni au poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ya poliesta inameta juani na picha zote zinaharibika.

Fedha zisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi, hata kama zimebaki elfu tatu. Nauli ya wanaotoka mbali itoke kwanza, kabla ya soda.

Kigoda_cha_Ruhuwiko
Ahsanteni sana. Dada, ngao zetu za ngozi ya ng'ombe zinapinda na kuota ukungu kila masika. Tunakosea wapi?

Dada_wa_Peramiho
Bila shaka mmezianika juani, na ngozi ilikuwa ya chumvi. Chumvi inavuta unyevu, ndiyo maana ukungu unarudi. Tafuteni ngozi mbichi machinjioni siku hiyohiyo, mlaze kwenye maji safi usiku mmoja, mkwangue nyama na mafuta yote, kisha muiwambe kwa vigingi kivulini penye upepo siku 5 hadi 7. Juani nje hukauka kabla ya ndani, ndipo inajikunja na kupasuka kwenye matundu. Kateni umbo la yai, kama sentimita 90 kwa 50, ikiwa imeshakauka. Mkikata mbichi itasinyaa. Fimbo ya katikati izidi ngozi sentimita 15 juu na chini. Pakeni mafuta ya mbono kidogo sana, yakizidi inalegea. Ningikeni darini, zisigusane na zisiegemee ukuta wa udongo. Kila ngao iwe na jina la anayeitunza, na huyo ndiye aiguse.