Mjadala: Tahidi High irudishwe, au tuiache ilipo?

Wadau, kila picha ya OJ na Tanya inapozunguka mitandaoni, kilio huwa kile kile: Citizen TV ya Kenya waturudishie Tahidi High, ile tamthilia ya wanafunzi wa sekondari ambayo wawili hao walikuwa wahusika wake. Hapo hapo wanaibuka wengine na kusema kipindi kile ndicho kilichowafunza watoto mapenzi na utukutu, kwa hiyo afadhali kisahaulike. Mimi siko na upande wowote kati ya hizo mbili, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na wanaolaumu. Shule zetu ziliwaka moto kabla ya kipindi hiki kuvuma. Wanafunzi 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos, Machi 2001. Mimba za wanafunzi, pombe na migomo vilikuwapo tangu zamani, ila havikuzungumzwa mezani. Kipindi kilichofanya ni kuvileta sebuleni, baba na mama wakiwa wameketi pale pale. Enzi hizo nyumba nyingi zilikuwa na runinga moja, na simu za kuchezea video hazikuwa mikononi mwa watoto. Msichana akipata mimba kwenye kipindi, kila mtu sebuleni alisikia, na mzazi aliyekuwa hajui aanzie wapi alipata pa kuanzia: “Umeona mambo yake?” Swali hilo lilifungua mazungumzo mengi ambayo yasingefunguka vinginevyo.

Shuga nayo, tamthilia nyingine ya vijana iliyotengenezwa Nairobi mwaka 2009 Lupita Nyong'o akiwa Ayira, ilifanya kazi kubwa kuhusu Ukimwi na kupima. Lakini Shuga ilikuja na ujumbe wake mkononi, ukajua unafundishwa. Tahidi ilikupa kwanza watu: OJ na ubishi wake, Freshley, Omosh, Miss Morgan mbele ya darasa. Ulimfuata mtu, halafu funzo likakukuta njiani. Ndiyo maana hadi leo watu wanawakumbuka wahusika kwa majina.

Na tusisahau ilivyotukuzia vipaji. Sarah Hassan, aliyekuwa Tanya, ndiye tuliyemwona baadaye kwenye tamthilia za Zora na Crime and Justice mwaka 2021. Abel Mutua, aliyekuwa Freshley, leo anaandika, anatengeneza filamu na kusimulia hadithi kwa hadhira kubwa kabisa. Kipindi kile kilikuwa chuo kwa watu ambao wangekosa pa kujifunzia kazi.

Lakini lawama moja naikubali kwa moyo wote. Shule ile ilikuwa ya Nairobi, ya watoto wa Nairobi, wavulana na wasichana darasa moja. Mwanafunzi wa bweni la wasichana kule Kwale au Turkana aliitazama wakati wa likizo kama dunia ya wengine. Alitamani mavazi yao na lugha yao, na hakuna aliyemwandikia kipindi chake yeye.

Sasa, kuhusu kuirudisha: napinga. Shule ile haipo tena, kwa kuwa mfumo wa elimu unabadilika. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mwaka 2023. Wanafunzi wa sekondari ya chini wanasomea kwenye viwanja vya shule za msingi tangu Januari 2023, na wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu mwaka 2026. Mtoto huyu anachagua mkondo wa masomo, anafuatwa na picha zake kwenye TikTok, anatukanwa kwenye makundi ya WhatsApp usiku wa manane mlango ukiwa umefungwa. Tukimrudishia OJ na Tanya wakiwa watu wazima, tutakuwa tumejiburudisha sisi wazazi tu, na yeye atabaki bila kipindi kama alivyokuwa.

Ninachotaka ni mambo mawili. Vipindi vya zamani viwekwe mahali pamoja panapofikika, kwa mpangilio, na waigizaji walipwe kila vinapotazamwa. Mwaka 2021 mmoja wao alijitokeza hadharani kuomba msaada na Wakenya wakamchangia. Moyo mzuri, lakini msanii aliyeingia katika kila nyumba hastahili kuishi kwa michango. Pili, pesa za kipindi kipya ziende kwa waandishi wa umri wa miaka ishirini na kitu, na shule yao iwe nje ya Nairobi: Kisumu, Garissa, Mombasa, popote.

Najua wapo watakaosema runinga haina hela tena na vijana hawakai kutazama. Kama ni hivyo, basi niambieni: mtoto wa Gredi ya 9 leo anajiona wapi, na mzazi wake atazame naye kipindi gani? Wanaotaka OJ arudi, nanyi mseme mngemwandikia nini. Uwanja ni wenu.