Mgonjwa wa mguu anatetemeka na kuona wadudu: je, ni arosto ya pombe?

Muuguzi, Pemba
Assalaam alaykum wenzangu. Wodini kwetu amelazwa mzee aliyeanguka akavunjika mguu. Usiku wa pili alianza kutetemeka na kutoka jasho, mapigo ya moyo yakapanda hadi 124, na sasa anaokota juu ya shuka wadudu wasiokuwepo. Kipimo cha malaria hakikuonesha kitu, na jamaa zake wanaapa kuwa hajapata kuonja ulevi. Nianze na lipi?

Muuguzi mstaafu, Unguja
Waalaykum salaam, mwanangu. Muite daktari wa zamu sasa hivi, kwani hali hii huua. Anayeacha pombe ghafla hupata arosto: huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, degedege humjia zaidi ndani ya saa 48, na kuchanganyikiwa unakokueleza huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hata hivyo, maadamu alianguka, kichwa nacho kiangaliwe. Mpime sukari, joto, presha na oksijeni, pandisha kingo za kitanda, acha taa ikiwaka, na abaki naye mtu mmoja anayemjua; kumfunga kamba humzidishia hofu. Daktari akiagiza diazepam, dawa ya kutuliza, hesabu pumzi zake baada ya kila dozi. Thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya glukosi, isipokuwa sukari ikiwa imeshuka, maana hapo glukosi haingojwi.

Mhudumu wa waraibu, Mjini
Naongeza kwamba arosto ya unga, yaani heroini, ina sura nyengine: miayo, makamasi, kuharisha, vinyweleo kusimama na mboni kutanuka, lakini akili hubaki timamu. Inatesa mno, ila ni nadra kuua iwapo maji ya mwili yanarudishwa. Mimi huogopa zaidi siku anayotoka hospitali, kwa sababu mwili umeshapoteza mazoea, na akirudia kipimo chake cha zamani pumzi zinaweza kukatika. Ndiyo maana huku tunawaelekeza kwenye methadoni, dawa mbadala ya unga, katika kliniki ya Kidongo Chekundu.

Muuguzi, Unguja
Dada, kuhusu jamaa, usiulize mbele ya ukoo, kwani hakuna atakayetamka tembo au gongo mbele ya mashemeji. Mtoe mkewe pembeni, umhakikishie siri, kisha muulize mumewe alikunywa lini mara ya mwisho, badala ya kumuuliza kama anakunywa.

Muuguzi, Pemba
Ahsanteni. Mkewe amesema ni kila jioni, kwa miaka. Daktari ameshafika na thiamini imeingia.