Fundi katoboa boneti ya Land Rover kufunga tairi la spea, sasa imepasuka. Hii tabia ikome!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuzificha. Boneti ya Land Rover Series IIA, toleo la zamani la gari hili, iliyotoka kiwandani pamoja na gari lake na kukaa miaka yote hiyo bila kovu, leo ina matundu manne katikati, na kwenye tundu moja ufa umeshaanza kutambaa kuelekea mbele. Gari halijagonga wala kugongwa. Boneti imeharibiwa na fundi aliyepewa kazi ya kufunga tairi la spea juu yake.

Maelekezo niliyompa hayakuwa na utata. Nilimwonyesha picha ya kikalio cha kiwandani, yaani kile kishikizo ambacho tairi linakaa juu yake, nikamwambia: weka kikalio, weka kiimarisho upande wa chini, weka raba katikati, ndipo ufunge. Nilipokwenda kuchukua gari nikakuta rimu imelazwa moja kwa moja juu ya bati, bolti zimepitishwa hadi chini, na huko chini kuna washa ndogo zinazotosha nati tu. Kikalio hakuna, kiimarisho hakuna, hata kipande cha tyubu kuukuu cha kutenganisha chuma na bati hakuna. Bolti zenyewe ndefu kiasi kwamba mojawapo ilikuwa inakwangua mpira wa hewa unaokwenda kwenye kabureta kila boneti inapofungwa. Nilipomuuliza akanijibu huku anafuta mikono: "Bosi, hii kitu haitoki hata gari lipinduke."

Sikumuuliza kama litatoka. Nilimuuliza uzito wa hilo tairi unabebwa na nini. Hakuwa na jibu, na wengi wanaofanya kazi hii hawana, ndiyo maana nimefungua uzi.

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, aloi ya aluminiamu na magnesiamu. Ni nyepesi, na hailiwi na kutu kama bati la chuma. Lakini aluminiamu ina tabia yake ambayo fundi yeyote anayeigusa anatakiwa kuijua: inachoka. Mzigo ambao haukuipasua leo unaweza kuipasua baadaye kwa kuitingisha tu, tena na tena, na ufa huanzia pale palipo dhaifu zaidi, yaani kwenye ukingo wa tundu. Tundu likitobolewa kwa drili butu na kuachwa na makali bila kusafishwa kwa tupa, umeshauonyesha ufa pa kuanzia.

Sasa tazama boneti inavyokaa. Nyuma inashikwa na bawaba mbili chini ya kioo, mbele inalala juu ya paneli ya redieta. Katikati hakuna kinachoishika, na tairi linakaa hapo hapo katikati. Tairi la 7.50-16 na rimu yake ya chuma linapita kilo 30. Hizo ni kilo za gari likiwa limesimama. Likianguka kwenye shimo kisha likarushwa juu, mzigo unaoingia kwenye zile bolti unakuwa mkubwa kuliko huo kwa mbali, na unavuta bati chini, kisha juu, kisha chini, safari nzima. Ndiyo maana boneti iliyoandaliwa kubeba tairi iliimarishwa kwa chini, na tairi likakaa kwenye kikalio kinachotawanya uzito. Kazi ya bati ni kufunika injini. Uzito unatakiwa kubebwa na mbavu.

Nimefungua nati moja niangalie. Chini ya washa rangi imekwisha kabisa, bati limebonyea kama kisahani, na kuna unga mweupe umejaa pembeni ya bolti. Ukipitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu unanasa kwenye ufa. Ule unga ndio aluminiamu yenyewe inayoliwa. Chuma kikigusana na aluminiamu na maji yakapita kati yao, inayoisha ni aluminiamu. Hili si jambo geni, wenye Land Rover wanaliona kila wanapofungua bodi kwenye fremu. Na tairi lililolala juu ya boneti ndipo maji ya mvua na tope hujikusanya. Raba, grisi kwenye bolti na njia ya maji kutoka si mapambo, wakuu. Ni nusu ya kazi yenyewe.

Kilichonichoma zaidi ni suluhisho lake. Eti apige puti juu ya ufa, apake rangi, "hutaona kitu". Sitaona mimi, lakini ufa utaendelea kutembea chini ya puti! Ufa wa aluminiamu unazuiwa kwa kutoboa kitundu kidogo kwenye ncha yake, kisha unalehemiwa kwa gesi ya agoni na mtu anayejua aluminiamu, halafu chini panawekwa bamba la kuimarisha. Anayekuambia puti anataka uondoke na gari, basi.

Na hapa nawageukia baadhi yenu humu. Kila mtu akiuliza jinsi ya kufunga spea kwenye boneti, anatokea mmoja wenu: "toboa tu mkuu, funga nati, hata magari ya jeshi yalikuwa hivyo." Ndiyo, yapo magari ya jeshi yaliyobeba tairi juu ya boneti. Yaliandaliwa kwa kazi hiyo. Hayakutobolewa na mtu mwenye drili na haraka zake. Mwingine anasema boneti ikipasuka tafuta nyingine. Series III, ya mwisho katika ukoo huu, iliacha kutengenezwa mwaka 1985. Boneti nzima, iliyonyooka, ambayo haijawahi kutobolewa, inazidi kuwa adimu, na inapungua kwa sababu ya ushauri kama huo mnaoutoa bila hata kuuliza mtu ana boneti ya aina gani.

Sipingi spea kukaa kwenye boneti. Ni sehemu nzuri. Nyuma panabaki wazi kwa mizigo na watu, na tairi likipasuka njiani huna haja ya kushusha nusu ya shehena ndipo ulifikie. Ukilifunga kwenye mlango wa nyuma, bawaba za mlango nazo zinaanza kulalamika. Lakini anayekufungia kwenye boneti anatakiwa akueleze na mengine, na wangu hakunieleza hata moja. Ule ufito wa kuegemeza boneti sasa unashika boneti pamoja na tairi. Mtu ameinama juu ya injini, ufito ukichomoka, uzito wote huo unashukia kichwa na mikono yake. Hili ni la hatari, lisichukuliwe kirahisi. Angalia tundu ambamo ufito unaingia kama halijapanuka, na ukifanya kazi ndefu ondoa tairi kwanza. Dereva mfupi naye anapoteza kipande kikubwa cha barabara mbele ya gari, na mtoto aliyesimama karibu na bampa haonekani kabisa. Kiti kiinuliwe, au spea ihamishwe. Nati nazo zikaguliwe baada ya safari za mwanzo, maana raba mpya hujibana na nati zikalegea.

Fundi, kama hujui kufanya, sema hujui. Hakuna mwenye gari atakayekudharau kwa hilo. Kinachokera ni kumtazama mteja usoni, kupokea maelekezo yake, kutikisa kichwa kukubali, halafu akiondoka unafanya la kwako kwenye chombo ambacho si chako. Gereji hiyo nimewaambia boneti wailehemu kwa gharama yao, na kwa fundi nitakayemchagua mimi. Mpaka sasa wanazungushana, huyu anasema muulize yule.

Mwenye boneti ya Series II au IIA yenye kikalio chake cha asili naomba aifungue apige picha upande wa chini, tuone viimarisho vimepita wapi na vimeshikwa kwa nini, na kama ana futi ya kupimia aweke vipimo. Nitamkabidhi atakayelehemu. Na mwenye kutaka kuniandikia "toboa tu", uzi huu apite.