Mpangaji mwenzangu kapigwa na mteja, sasa wanataka ahamishwe. Nisaidieni

Mama Rukia wa Ngamiani:

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni.

Nakaa Ngamiani, Tanga, nyumba ya vyumba, uwa mmoja, choo kimoja. Barazani nauza mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga. Chumba cha mwisho anakaa binti ambaye nyumba nzima inajua anajiuza. Hana kelele, kodi analipa kwa wakati, zamu yake ya kufagia uwa hairuki.

Leo alfajiri namenya mihogo, bodaboda ikamshusha mlangoni. Mdomo umepasuka, jicho moja limefumba, kiganja kimechanika kwa chupa. Walipatana bei na mwanamume, wakaenda gesti. Walipofika, yule bwana akakataa kondomu, binti naye akakataa kuendelea. Ndipo akavunja chupa, akampiga, akamwingilia kwa nguvu, akaondoka na simu yake na pesa zote alizokuwa nazo. Binti alipofika tu alitaka kuloweka gauni kwenye ndoo. Nimemnyang'anya, liko chumbani kwangu.

Polisi hataki kusikia. Mwaka jana alikwenda kituo kimoja kwa kisa kama hiki, akaulizwa mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, "Wewe ulifuata nini huko?" Halafu akatishiwa kuwekwa ndani yeye. Akarudi nyumbani akanyamaza.

Asubuhi hii hii wapangaji wawili wakamwita mwenye nyumba. Wanataka ahame mwisho wa mwezi, eti anatia nyumba nuksi. Nimekaa nao kikao kizima, hakuna hata mmoja aliyeuliza aliyempiga ni nani na yuko wapi. Hilo ndilo lililonikaba hadi sasa.

Naomba mnaojua mniambie. Akienda kushitaki, atageuzwa yeye ndiye mkosaji? Hospitali watampokea bila fomu ya polisi? Na sisi majirani tunatakiwa tufanye nini?

Nesi wa Zamu:

Shikamoo Mama Rukia. Mengine yatasubiri, mpeleke hospitali ya Bombo usiku huu huu.

Dawa za kumkinga na VVU, zile za PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Atameza siku 28 bila kuruka. Kuna vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, navyo vina mwisho wake, siku tano, na mapema ndiyo bora. Hicho kiganja kinahitaji kusafishwa, kushonwa na sindano ya pepopunda. Kama hajaoga, asioge kwanza.

PF3, hiyo fomu ya polisi, ni muhimu kwa kesi, maana humo daktari anaandika alichokiona. Lakini aliyebakwa akianzia hospitali anahudumiwa, fomu inafuata. Mtu akikwambia mrudi kwanza polisi, omba kuonana na daktari wa zamu. Usiondoke.

Gauni usilitie kwenye mfuko wa nailoni, unyevu utabaki ndani na ushahidi utaharibika. Liache likauke kivulini, kisha litie kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Umefanya jambo kubwa kulizuia lisifuliwe.

Mtoto wa Pangani:

Dada yangu, pole na pole kwa huyo binti. Mimi ni baba wa mabinti, sifurahii mtu kupigwa. Lakini tuseme ukweli, kazi hiyo dini zote zinaikataza na serikali pia. Tukianza kumtetea, kesho nyumba inageuka danguro na watoto wetu wanaona. Mshaurini aache, mumchangie mtaji, hayo ya kupigwa yatakwisha yenyewe. Mwenye nyumba naye ana haki na mali yake.

Mama Rukia wa Ngamiani:

Nesi, Mungu akubariki, tunatoka sasa hivi na bajaji.

Kaka wa Pangani, nakujibu kwa heshima. Na mimi naswali, na nimelea mabinti katika uwa huu huu. Dini iliyonifundisha kuwa zinaa ni haramu ndiyo iliyonifundisha kuwa damu ya mtu ni haramu. Yule mwanamume hakumpiga ili amrudishe kwenye njia njema. Alimpiga kwa kuwa anajua sisi tutakuja kusema maneno kama haya yako, kisha tutalala.

Mtaji ni jambo zuri, nitachanga wa kwanza. Alikuwa mhudumu wa baa, mshahara unacheleweshwa mpaka anasahau ni wa mwezi gani, na mtoto wake yuko Handeni kwa bibi anasubiri ada. Hayo tutayazungumza akipona. Leo ana jeraha. Ukimhamisha mwisho wa mwezi unamsogeza tu akapigwe mtaa mwingine ambako hakuna wa kumfungulia mlango alfajiri. Na aliyempiga atabaki hapa hapa, labda kesho kutwa ananunua samaki kwangu.

Niliyewahi Kuwa Huko:

Mama Rukia, nimelia kusoma. Nilifanya kazi hiyo miaka ya nyuma, upande wa Chuda. Wanaume wa namna hiyo hawaanzi na kuishia kwa mmoja. Tulikuwa tunaambizana: yule mrefu wa pikipiki nyekundu, usiende naye. Sisi kwa sisi tulijua, polisi hawakujua, maana hakuna aliyethubutu kwenda. Muulize binti kama wenzake wanamfahamu huyo bwana. Wakijitokeza wawili watatu, mambo yanabadilika.

Na asiende mtu peke yake kituoni. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba ukiingia na mtu mzima wa heshima ubavuni, sauti ya askari inashuka.

Karani Mstaafu:

Nimekaa mahakamani miaka mingi, niseme ninayoyajua.

Ni kweli Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuzurura na kushawishi watu kwa ajili ya ukahaba. Lakini kifungu cha 130 kinachohusu kubaka hakisemi popote kwamba mwanamke anayejiuza hawezi kubakwa. Ridhaa ya mapatano ya bei siyo ridhaa ya kila kitu, na ridhaa iliyotolewa kwa kipigo si ridhaa. Adhabu kwa mtu mzima haipungui miaka 30. Kuchukua simu na pesa kwa kutumia chupa iliyovunjwa kunaweza kuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, nako ni miaka 30 kwenda juu. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Kwa hiyo asiogope kuwa hana shahidi wa chumbani.

Mwende Dawati la Jinsia na Watoto hapo hapo polisi, siyo kaunta ya mbele. Mwombe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, muiandike. Na jambo moja la haraka: gesti zina kitabu cha wageni. Mwambieni mpelelezi akichukue mapema kabla ukurasa haujachanwa. Mhudumu wa zamu ile naye ni shahidi.

Kwa wanaosema ahamishwe, niwape kisa cha Marekani. Karibu na Seattle kulikuwa na mtu anaitwa Gary Ridgway. Mwaka 2003 alikiri kuua wanawake 48, wengi wao wakiwa wanaojiuza. Alieleza mwenyewe kwamba aliwachagua hao kwa sababu hakuna ambaye angewatafuta upesi. Aliua kwa miaka mingi kabla ya kukamatwa. Tangu mwaka huo wa 2003, tarehe 17 Desemba inaadhimishwa duniani kupinga ukatili dhidi ya wanaofanya kazi hiyo.

Mama Rukia wa Ngamiani:

Tumerudi. Daktari alikuwa kijana mpole, alimwita "dada" na kumweleza kila anachofanya kabla hajamgusa. Dawa ameanza, mkono umeshonwa. Amelala kwangu, maana chumbani kwake hataki kuwa peke yake.

Mwenye nyumba nimemfuata baada ya Isha. Nimemwambia akimtoa binti, na mimi nahama na baraza langu, na mwenyekiti wa mtaa atajua kwa nini. Amesema tungoje kwanza. Wale wapangaji wawili hawanisemeshi, sawa tu.

Binti amekubali kwenda Dawati kesho saa mbili asubuhi, kwa sharti niingie naye. Mwenzake mmoja amepiga simu kwangu, anasema huyo bwana anamjua, na yeye atakuja. Kama kuna msaidizi wa kisheria yuko Makorora, Mabawa au hata Chumbageni anayeweza kutusindikiza, aniandikie faraghani usiku huu. Nauli ya bajaji nitamlipia.