Mrejesho: hedi ya mashine ya mabango imefunguka

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine salama. Mimi ndiye niliyeuliza kama ninunue hedi mpya (kichwa kinachorusha wino) ya mashine yangu ya kuchapa mabango, baada ya wino mweusi kutoka na mistari mitupu kila asubuhi. Sikununua. Hedi ilikuwa nzima.

Tatizo lilikuwa kwenye kifuniko ambacho hedi hulala juu yake mashine ikizimwa. Nilimulika kwa tochi ya simu, nikaona ukingo wa mpira umeganda wino, gamba gumu kama ukoko wa wali. Kwa hiyo haukubana, hewa ikapita usiku kucha, wino ukakaukia kwenye nozeli, vile vitundu vya hedi vinavyotoa wino. Na kila nikiagiza mashine ijisafishe, pampu inayovuta wino kupitia kifuniko ilikuwa inavuta hewa tu, nikipoteza wino bure!

Nilifuta mpira kwa kijiti cha sponji (pamba huacha nyuzi), nikajaza kifuniko dawa ya kusafishia inayolingana na wino wangu wa solventi (wa kemikali, si wa maji), nikalaza hedi humo hadi asubuhi. Uso wa nozeli sikuugusa. Aliyenionya nisisukume dawa kwa sindano, Mungu akubariki. Presha ile ingeweza kuipasua hedi kwa ndani.

Jaribio la asubuhi: nyeusi imerudi yote. Magenta (wino wa waridi) bado ina nozeli mbili zilizoziba, ila kwenye bango hazionekani, nimeziacha.

Sasa nafuta mpira kila jioni, na Jumamosi naiacha hedi na dawa mpaka Jumatatu.