Shule ya misheni imenitoa Kenya nije kufundisha, Uhamiaji wakija inanificha stoo

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwenye muda asome, asiye na muda apite.

Mimi ni Mkenya, mwalimu wa hesabu na fizikia. Niko mkoa wa Njombe, sekondari ya wasichana ya kanisa. Jina la shule silitaji, wala jina la Sista mkuu, maana pasipoti yangu mpaka leo imo ndani ya sefu yao.

Kazi sikuja kuomba. Walinipigia simu wenyewe, mwalimu mwenzangu aliyewahi kufundisha hapa ndiye aliyewapa namba. Wakaniahidi laki nane kwa mwezi, nyumba ndani ya eneo la shule, na wakasema "mambo ya vibali tuachie sisi." Laki nane ya huku ni kama elfu arobaini ya kwetu. Mtu mwenye digrii ya ualimu na namba ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, ambaye nyumbani alichokuwa anapewa ni uintern wa junia sekondari kwa elfu 20, akiahidiwa hivyo anafunga begi. Nami nikafunga.

Namanga niligongewa muhuri wa mgeni, ule ambao sisi wa Afrika Mashariki hatuulipii na ambao haumruhusu mtu kufanya kazi hata ya siku moja. Nilipofika tu nikamuuliza Sista habari ya kibali. Akasema faili liko kwa mwanasheria wa jimbo la kanisa. Tangu hapo ni kupigwa kalenda. Mara mwanasheria amesafiri, mara mfumo wa vibali unasumbua, mara tusubiri ada za muhula ziingie. Muhuri ulipokaribia kuisha wakanitolea pasipoti kwenye sefu, nikapanda basi Makambako, Iringa, Dodoma, Arusha mpaka Namanga nikagongewe mwingine, nauli ikitoka mfukoni mwangu. Niliporudi sekretari akaidai pasipoti siku hiyohiyo, eti "kwa ajili ya mchakato." Mchakato gani unaohitaji pasipoti ikae sefuni mwezi baada ya mwezi? Nakala si wanazo?

Sasa tuongee sheria, maana humu kuna watu watakuja kusema vibali ni vigumu na Tanzania haitaki wageni. Sheria ya ajira kwa wageni ni ya 2015 na iko wazi. Anayeomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi ni mwajiri. Kikitoka ndipo anaomba kibali cha ukaazi daraja B kule Uhamiaji. Kibali cha kazi ni miezi 24, na kinahuishwa. Shahada ya nje inapitishwa TCU, tume ya vyuo vikuu, leseni ya kufundisha inaombwa wizarani. Ada zipo, zinahesabiwa kwa dola, na hazina huruma, nakubali. Lakini walimu wa sayansi na hesabu sheria yenyewe imewataja kwenye fani zinazohitajika, kundi moja na watu wa afya na wataalamu wa mafuta na gesi. Yaani mimi ndiye mgeni ambaye serikali imeshasema anahitajika! Aliyekataa kulipa ni shule, shule ambayo mwaka huu imejenga geti jipya na kununua basi.

Kilichonifanya nishindwe kulala ni fomu waliyoniletea mwezi uliopita. Mhasibu kaja nayo chumba cha walimu wakati wa chai, kaiweka juu ya madaftari niliyokuwa nasahihisha, ananipa na kalamu. "Madam saini hapa na hapa, gari linaenda mjini." Nikasoma. Ni maombi ya ukaazi daraja C, na pale kwenye sababu ya kuwepo nchini wameandika mtu wa kujitolea. Daraja C ni la wanafunzi, watafiti, watu wa kujitolea. Mimi nafundisha vipindi 28 kwa wiki, nasimamia maandalizi ya usiku, Jumamosi nina masomo ya ziada ya Kidato cha Nne, halafu nimejitolea? Nikikamatwa na karatasi hiyo, aliyeidanganya serikali kwa saini yake ni mimi, Sista hayumo. Nikakataa. Tangu siku hiyo hata salamu imekuwa ya kuombwa.

Na mjue kukosa kibali si suala la karatasi tu, maisha yote yanakwama. Benki wananiambia lete kibali cha ukaazi, kwa hiyo mshahara napewa kwenye bahasha, na kwenye bahasha hakuna laki nane, kuna laki tano na nusu. Wanakata chakula, wanakata "mchango wa kikanisa," wanakata umeme wa nyumba ambayo tuliambiana ni bure, na hakuna hati ya malipo ya kuonyesha nini kimekatwa wapi. NSSF hakuna, wakati mwalimu wa sekta binafsi anatakiwa kuwekewa asilimia 20, na angalau nusu yake itoke kwa mwajiri. Bima hakuna. Mwezi wa saba baridi ya huku ilinilaza na kifua, kila dawa nikanunua mwenyewe, na siku ambazo sikuingia darasani zikakatwa.

Halafu hilo la stoo. Maofisa wa Uhamiaji wakionekana barabara kuu, kuna mtu anapiga simu shuleni. Mara ya mwisho nilikuwa Kidato cha Tatu, mada ya miduara, nimechora nusu ya mchoro ubaoni. Matroni akasimama mlangoni, hakuingia, akasema "Madam, unaitwa jikoni." Jikoni maana yake ni stoo ya chakula. Nikakaa juu ya gunia la mahindi, pembeni madumu ya mafuta na gunia la dagaa, na mlango ukafungwa kufuli kwa nje. Kwa nje, jamani! Nje nasikia Sista anawakaribisha wageni chai. Moto ungetokea jikoni siku hiyo nani angekumbuka ufunguo? Nimerudi darasani kipindi kimeisha, binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, kwani wewe ni mkimbizi?" Nimefundisha watoto tangu nitoke chuo na sijawahi kukosa jibu mbele ya mwanafunzi. Siku ile nilikosa.

Ukilalamika unaambiwa huu ni utume. Utume, mwalimu, Mungu atakulipa. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nimelelewa na masista, na heshima yangu kwao iko palepale. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Wazazi wanalipa ada kamili hapa, hawaambiwi ni utume. Mzabuni wa maharage analipwa, haambiwi ni utume. Neno hili linatolewa kwenye kabati siku ya kumlipa mwalimu tu, tena mwalimu mgeni asiye na ndugu wa kumkimbilia.

Watanzania mliomo humu, najua kuna anayesema "rudini kwenu, na sisi tuna walimu wamejaa mtaani." Ni kweli wamejaa, nawafahamu baadhi, na nina hasira kwa ajili yao pia. Sheria hiyohiyo ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kurithisha kazi, yaani kijana wa Kitanzania afundishwe ile kazi aje kuishika. Shule ikinificha, mpango huo haupo, kwa sababu kwa karatasi mimi sipo. Tunaopoteza ni mimi na yule kijana wa mtaani.

Na msinipe habari za soko la pamoja la Afrika Mashariki. Itifaki ilianza kazi Julai 2010, ibara ya 10 inaongelea uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Kenya, Uganda na Rwanda wamefutiana ada za vibali. Huku ada bado ipo, na mpaka itakapofutwa mwenye wajibu wa kuilipa ni yule aliyenipigia simu.

Kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, nimeshauriwa. Mwanasheria niliyemuuliza akaniambia kitu kilichonikata maini: mahakama za kazi zimewahi kuamua kwamba mkataba wa mgeni asiye na kibali ni batili, haudaiwi. Kwa maana hiyo shule isiponiombea kibali inapata faida mara mbili. Hailipi ada, na ikinidhulumu siwezi kuishtaki. Wabunge mnaopita humu, sheria irekebishwe, mwajiri asinufaike na kosa lake mwenyewe.

Walimu wa Kenya na Uganda mnaopigiwa simu na shule za huku, msipande basi kwa ahadi ya mdomo. Dai nakala ya kibali cha kazi chenye jina lako ukiwa bado nyumbani. Na pasipoti usimwachie mtu, hata akiwa amevaa shela.

Jumatatu napeleka barua kwa Sista, nakala kwa katibu wa elimu wa jimbo na ubalozi wetu Dar es Salaam. Nadai pasipoti yangu mkononi, maombi ya daraja B yaingizwe nikiwa naona, na makato yote yaandikwe. Kama kuna aliyewahi kudai pasipoti kwa mwajiri hapa Tanzania akaipata, aniambie alianzia polisi au Uhamiaji, na je, alipofika huko hawakumgeuzia kibao yeye?